Mavyaa Wangu na Shimo la Mnara

Mavyaa wangu, Bi Wabriya, hakunipenda, na mimi sikumpenda, na kwa hiyo tuliishi vizuri miaka ishirini na moja chini ya paa moja. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani nampamba mtu kwa kuwa amekufa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na jicho kali. Kila siku alionja mchuzi wangu, na kila siku akaongeza chumvi bila kusema kitu, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Mimi ni mtu wa Hilla mjini. Niliolewa Kuwereshi, kijiji kilicho katikati ya magofu ya Babeli, na mume wangu Wanasi alikuwa mkulima wa mitende tu wakati ule. Wajerumani walipokuja kuchimba, walimpa kapu abebe udongo kama wengine. Haukupita mwaka wakamnyang'anya kapu wakampa sururu. Mshika sururu ndiye anayetangulia. Ndiye anayepaswa kutofautisha tofali bichi la kale na udongo ulioliangukia, na vyote viwili ni udongo, rangi moja, harufu moja. Wanasi alitofautisha kwa sauti. Aligonga, akasikiliza, akasema, "Ukuta," au akasema, "Taka," na hakukosea. Nilipomuuliza amejifunza wapi, alinijibu kwamba Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua. Nikaridhika na jibu hilo miaka mingi, maana mume akifanya kazi vizuri mke hana haja ya kuchunguza sana.

Aibu yao ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Baba yake Wanasi, mzee Kiyadi, alitoroka na mwanamke akaenda Muhammara, mji wa mbali, na hakurudi. Posa ilipoletwa kwetu, mjomba wangu alisema, "Huyu ni mtoto wa mtoro. Mguu wa kutoroka hurithiwa." Hata siku ya harusi yangu wanawake waliimba kijembe cha kwamba wanifungie mume kamba mguuni. Wanasi alicheka na wageni. Mama yake aliinuka akaenda kuangalia nyama.

Mke wa mtoro ana hali ngumu kuliko mjane. Si mjane, si mtalaka, na mke ndiyo hivyo tena. Wenzake Bi Wabriya waliofiwa na waume walivaa nyeusi mpaka kaburini na walipishwa njia kwa heshima. Yeye alivaa kilemba cha kahawia kama mwanamke ambaye mumewe amekwenda sokoni tu. Alipata nafasi mara moja kwa mwaka tu, mwezi wa Muharramu. Wanawake wetu wakikaa majlisi kumlilia Imamu Husseni, kila mmoja huchomeka na wa kwake humo humo, na hakuna anayeuliza chozi lipi ni la nani. Bi Wabriya alilia kuliko wote. Alijipiga kifua mpaka akashikwa mikono. Na nyuma yake, astaghfirullah, tulinong'onezana: kumbe bado anamtaka yule mhuni. Mimi nilikuwa mmojawapo wa walionong'ona, na sikuwa wa mwisho.

Sasa, kusini ya kijiji kuna shimo kubwa la mraba tunaloliita Sahani. Wajerumani walisema ndipo uliposimama mnara wenyewe, ule ambao watu waliujenga kufika mbinguni, Mungu akawavuruga ndimi wasielewane. Sisi hatukuwa tukiuona mnara wowote pale. Tuliona maji na matete, na katikati kisiwa cha udongo ambacho nyati walipenda kukilalia. Halafu, mwaka mmoja kabla ya vita vikubwa vya Mturuki na Mwingereza, mto wetu ulipungua, maana kule juu walikuwa wakijenga bwawa jipya. Visima vilikauka, bustani zikakauka, na maji ya Sahani yakaanza kushuka, kiganja kwa kiganja.

Watu wote walihuzunika isipokuwa Bi Wabriya. Yeye kila asubuhi alikwenda kusimama ukingoni mwa shimo. Siku ya sita nilimfuata, nimekasirika, kwa sababu nilikuwa na nguo za kufua na hakuna wa kunisaidia.

"Mama, jua hilo. Kuna nini huku cha kutazama?"

"Unaona kona ile, pale matete yalipokauka?"

"Naona."

"Baba mkwe wako yuko chini yake."

Nilidhani jua limempiga. Nikamshika mkono nimrudishe nyumbani, akaukung'uta.

"Mzee si yuko Muhammara?"

"Hakuna cha Muhammara," alisema. "Muhammara niliitunga mimi."

Akanieleza palepale, amesimama, bila kunitazama. Miaka ishirini na sita nyuma mto uliwahi kukauka hivi hivi. Sahani ikawa kavu, na kijiji kizima kikaingia kuchimba matofali ya kuchoma ya mnara na kuyauza kwa wenye majahazi ya mtoni. Serikali ilikuwa imekataza. Aliyekamatwa alipelekwa Baghdadi, na wiki ile ile walikuwa wamemchukua jirani yao mmoja, ambaye mpaka leo hajarudi. Kwa hiyo Kiyadi na mwanawe Wanasi, aliyekuwa na miaka kumi na sita, walichimba adhuhuri tu, mlinzi akiwa amelala. Walifuata matofali chini kwa chini kama panya. Siku moja udongo ulimshukia Kiyadi. Wanasi alitoka na kucha tatu tu nzima. Mama alipofika na chakula alimkuta mwanawe anafukua kwa mikono, wakafukua pamoja, wakamsikia mzee akigonga kutoka ndani, halafu wasimsikie tena.

"Mlinzi akaja," aliendelea. "Ameona vumbi. Akaniuliza, mumeo yuko wapi, naye kila siku huwa hapa? Nilimwona mwanangu amejaa udongo mpaka kwenye kope. Nikasema, mume wangu ametoroka alfajiri na mwanamke wa Muhammara, nimekuja kumtafuta mimi na mtoto. Alicheka, Nofa. Alicheka mpaka akakaa chini."

"Na baadaye? Hamkurudi kumtoa?"

"Siku tatu tulijaribu. Mlima wote ulikuwa juu yake. Na mto uliporudi, ukafunika." Alijifuta mdomo kwa ncha ya kilemba. "Sikukaa eda. Sikumsomea. Hakufika Najafu. Nitakufa mimi, niende nikalale Najafu peke yangu kama mwanamke aliyeachwa. Nimemwambia mumeo, ananiambia ngoja. Mambo ya kungoja mwambie mtu mwingine."

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa Najafu. Hata maskini wetu wa kutupwa, akifa, jamaa watakopa nyumbu wampeleke akazikwe kwenye Bonde la Salama, karibu na Imamu Ali. Mtu anayebaki kwenye matope chini ya nyati ni kama hakuwa na watu.

Usiku huo sikutia chumvi kabisa kwenye mchuzi. Ilikuwa ndiyo njia yangu ya kumheshimu, atie mwenyewe ipasavyo. Tulipokaa kula nilimuuliza mume wangu.

"Baba Jabri, mzee yuko shimoni au hayuko?"

Wanasi aliweka mkate chini. Alimtazama mama yake, mama yake akawa anachambua samaki.

"Yuko," alisema.

"Na wewe kesho unachimba palepale na Wajerumani."

"Nachimba hatua arubaini kutoka palepale. Nikisogea bila kuambiwa, yule Mjerumani Bwana Hatviki ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, Rauf Efendi wa serikali yuko pembeni chini ya mwavuli wake na daftari. Niliapa mbele yake, Mama Jabri. Mkono juu ya Msahafu, kwamba sijawahi kuchukua tofali hata moja."

"Kila mtu Kuwereshi aliapa hivyo," nilisema. "Mkono juu ya Msahafu, na mgongo umeegemea ukuta wa matofali ya mfalme wa kale."

"Hao hawajasema. Mimi nikisema, nimefukuzwa, na huenda nimefungwa. Mitende yangu imekufa kwa kiu. Nina nini kingine zaidi ya sururu?"

Bi Wabriya aliweka mwiba wa samaki kando ya sahani.

"Mimi sikuombi uchimbe," alimwambia. "Nakuomba useme. Mto ukirudi masika, atafunikwa tena, na mimi sitakuwepo ukikauka mara ya tatu."

Nilimwona Wanasi akizitazama kucha zake, zile tatu nzima na zile zilizoota kombo, ambazo mimi miaka yote niliambiwa zilibanwa na mlango.

Wajerumani walikuwa na furaha na ukame wetu, kwa sababu sasa waliweza kushuka Sahani. Aliyesimamia shimo alikuwa Bwana Hatviki, kijana mrefu mwenye ngozi inayobabuka, aliyejifunza Kiarabu vitabuni, hata akiomba maji unadhani anasoma hotuba ya Ijumaa. Hakuwa mtu wa majivuno. Mchana wakati wa kula alikaa na wafanyakazi, akauliza maswali. Sisi wanawake tulikuwa tukiwapelekea waume chakula saa hizo, ndiyo maana yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu na sikuhadithiwa.

Alikuwa akiwaeleza kisa cha mnara kama kilivyoandikwa kwenye kitabu chao. Kwamba waliojenga walitumia matofali badala ya mawe, na lami badala ya chokaa.

"Hapo kweli," alisema Mizhiri, msimamizi wa wabeba makapu, mtu asiyeweza kunyamaza hata msibani. "Aliyeandika hayo aliuona huo ukuta. Nchi hii jiwe la kumpigia mbwa halipatikani, na lami mpaka leo tunapaka mashua."

"Nami nasema hivyo," alijibu Bwana Hatviki. "Lakini kuna jambo linanisumbua. Tunacho kigae cha udongo, mwandishi wa zamani ameandika vipimo. Anasema kila upande wa mnara ulikuwa kama mita tisini. Mimi nimepima kile kisiwa cha tofali bichi. Ni mita sitini tu na moja. Halafu kinazungukwa na huu mfereji laini, mpana, umejaa kifusi." Akaonyesha kwa mkate. "Nadhani palikuwa na mfereji wa maji kuuzunguka mnara. Na yule mwandishi alitia chumvi. Leo nafunga vipimo, naandika barua kwetu."

"Waongo watu wa kale," alisema Mizhiri. "Kumbe ni babu zetu kweli."

Watu wakacheka. Nilimtazama Wanasi. Ameshika tonge, halili. Namjua mume wangu: tusi la mama yake anaweza kulimeza, njaa anaweza kuimeza, lakini ukuta ukisemwa vibaya mbele yake hawezi.

"Si mfereji, bwana," alisema.

"Ni nini?"

"Ni ukuta."

Bwana Hatviki alitazama shimo, akamtazama Wanasi. "Ukuta uko wapi?"

"Uko Hilla."

Kicheko kilichozuka pale kilinyamaza haraka, kwa sababu Wanasi hakucheka.

"Uko Hilla, uko Karbala, uko nyumbani kwangu," aliendelea. "Nyumba ya Rauf Efendi aliyopanga kule Hilla, uani, nenda katazame, jina la mfalme limepigwa muhuri kwenye kila tofali. Bwana, mnara ulikuwa na moyo wa tofali bichi, na juu ya moyo lilivishwa koti la tofali la kuchoma, nene, kama hatua ishirini kila upande. Tofali bichi halina mnunuzi. Mwizi wa matofali hachimbi kwa kujifurahisha. Anafuata la kuchoma, akifika kwenye bichi anaacha. Kwa hiyo alipopita yeye, shimo linabaki na umbo la ukuta. Pima shimo, usipime kisiwa. Utapata tisini zako. Mwandishi hakusema uongo. Na Mungu hakuuangusha ule mnara, sisi tuliubeba."

Bwana Hatviki alikuwa ameshasimama, mkate umemwangukia vumbini. "Umejuaje unene wake?"

Hapo ndipo. Wanasi angeweza kusema nimesikia kwa wazee, na dunia ingeendelea. Aliinua macho ukingoni, mama yake alikuwa amesimama mahali pake pa kila siku.

"Nilikuwa ndani yake," alisema. "Mimi na baba yangu. Baba bado yumo."

Rauf Efendi, mtumishi wa serikali aliyewekwa kuwachunga Wajerumani na sisi pia, alitoka chini ya mwavuli. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye tumbo la kusumbua.

"Wanasi, unajua umesema nini?"

"Najua, Efendi."

"Uliapa."

"Niliapa."

Efendi akafungua daftari. Kabla hajaandika tulisikia madongo yakiporomoka: Bi Wabriya anashuka shimoni kwa makalio, mwanamke wa miaka sitini na tano, vumbi linamfuata. Akafika mbele ya Efendi akajipangusa.

"Andika na mimi," alisema. "Uongo wa kwanza ulikuwa wangu. Wabriya binti Saaduni. Andika kwamba mume wangu hakutoroka. Andika hapo juu kabisa, mahali wakubwa wataona."

"Mama, mimi siandiki mambo ya ndoa."

"Ishirini na sita, mwanangu. Miaka ishirini na sita watu wanayaandika wao kwa ndimi zao. Wewe una kalamu."

Sijui Efendi alifikiri nini. Labda alifikiria ua wa nyumba yake. Mwishoni alisema sheria ni sheria, Wanasi ameachishwa kazi. Bwana Hatviki akamwomba aanze kumwachisha shimo litakapokuwa limekwisha, kwa sababu hana mkono mwingine unaojua njia. Efendi akasema anaweza kuchelewa kidogo kuandika, maana wino wake umekuwa mzito kwa joto. Habari ya jela haikutajwa tena. Mimi pale nililia, wala sikungoja Muharramu.

Siku nne walichimba kona ile. Wanasi alikwenda mbele, anagonga, anasikiliza. Kila jioni alirudi, anaoga, analala. Siku ya tano, karibu na adhuhuri, alimtuma Mizhiri atuite. Mizhiri alikuja bila utani, nikajua.

Nilitarajia kuona mtu mmoja. Walikuwa wawili.

Walikuwa wamelala ndani ya njia moja nyembamba, na maji kwa miaka yote yale yaliwasogeza, mkono wa huyu kwenye mbavu za yule. Nguo hakuna. Kando yao sururu moja iliyoliwa na kutu, Wanasi akaitambua, na hatua moja mbele taa ndogo ya udongo yenye rangi ya kijani. Hiyo hakuitambua.

Bwana Hatviki aliishika taa ile kwa mikono miwili. "Hii ni ya zamani," alisema. "Miaka mia sita. Labda zaidi." Akaangalia njia jinsi ilivyokatwa, akaelewa kabla yetu. "Wanasi, baba yako hakuichimba njia hii yote. Aliikuta. Kuna mtu alikuja kuiba matofali miaka mia sita kabla yake, dari ikamwangukia. Baba yako akaifuata njia ya mwenzake."

"Yupi ni baba?" Wanasi aliuliza.

Mjerumani akainama, akatazama muda mrefu. Ni mtu wa kweli, namshukuru hadi leo. Alisema hajui. Mafuvu mawili, yote yamevunjika. Alisema hata daktari angepata tabu.

Nilimwona mume wangu, mtu ambaye hakukosea ukuta maisha yake yote, anapiga magoti kati ya mifupa ile, anainua mmoja, anaurudisha, anainua mwingine. Moyo uliniuma nikatamani afunikwe macho. Bwana Hatviki, kwa nia njema tu, akasema labda wachague mmoja kwa makisio, na yule mwingine yeye ataweka sandukuni na kumchora pamoja na taa yake, kwa kuwa huyo ni wa kale na hana mtu.

Bi Wabriya alisogea mpaka kando ya mifupa.

"Hana mtu kwa sababu watu wake wamekufa," alisema. "Si kwamba hakuwa nao." Akatandika shuka mbili alizokuja nazo. Alikuwa ameleta mbili bila kujua. Moja ya kumfunika na moja ya kumbebea. "Taa chukua, mwanangu, ni yako. Watu ni wangu. Gaweni sawasawa, fuvu moja huku, moja huku. Mungu atajua la kufanya."

Najafu tulikwenda siku mbili, na nyumbu wawili wa kuazima, Wanasi mbele, mimi na Bi Wabriya nyuma. Njiani hakulalamika kitu isipokuwa mwendo wangu. Mchimba kaburi wa Bonde la Salama alikuwa mtu mwepesi wa kazi na mzito wa maswali.

"Huyu nani?"

"Kiyadi bin Shinawa. Baba yangu."

"Na huyu wa pili?"

"Mwenzake wa kazi," alisema Wanasi.

"Alikufa lini?"

Wanasi alifikiri kidogo. "Kabla yake."

"Jina? Shehe hawezi kumsomea talakini mtu bila jina."

Tukatazamana. Bi Wabriya akasema, "Mwite Abdallah. Hata kama hakuitwa hivyo, mja wa Mungu alikuwa." Wakalazwa ubavu kwa ubavu, na shehe akawasomea wote wawili majina ya kusema watakapoulizwa na malaika kaburini.

Tuliporudi, Bwana Hatviki alikuwa amepima shimo badala ya kisiwa, akapata mita tisini na moja kila upande. Alimwonyesha Wanasi mchoro: mraba mtupu, na ndani yake mraba mwingine. Alisema hii ndiyo hati ya mnara, na nusu yake imeandikwa na wezi. Siku ya pili Rauf Efendi alipata wino mwepesi. Wanasi alirudisha sururu yao, akanunua ya kwake, na kuanzia hapo alikuwa akichimbia watu visima.

Nyumbani Bi Wabriya alivua kile kilemba cha kahawia, akavaa nyeusi, akakaa kwenye kona ya chumba chake. Mulla Abbudi, shehe wa kijiji, alikuja kumweleza kwa upole kwamba haimpasi. Mjane anakaa eda tangu habari inapomfika, na yeye habari alikuwa nayo tangu siku ile ile.

"Eda yako ilipita zamani, mama."

"Ilipita bila mimi," alijibu.

Akakaa. Wakaja wanawake wa Kuwereshi kumpa pole, hata wale wa vijembe, na wakubwa wao walikuwa wazee kama yeye na hawakujua waweke wapi nyuso. Aliwapokea wote. Mimi niliwapikia kahawa, na ilipofika zamu yangu nilipiga magoti nikambusu mkono nikamwambia anisamehe kwa niliyonong'ona. Aliniambia kahawa yangu ni nyepesi.

Miezi minne na siku kumi nilihesabu mimi, kwa sababu kazi zote za nyumba zilikuwa juu yangu. Siku ya kutoka nilimchemshia maji, nikamwekea kanzu safi na kile kilemba chake kimefuliwa. Alioga, akasali. Halafu akaichukua ile nyeusi akaivaa tena, akarudi kwenye kona yake akakaa.

"Mama, siku zimekwisha. Nimehesabu vizuri."

"Za Kiyadi zimekwisha," alisema. "Yule mwingine naye alikuwa na mke. Unajuaje kama naye hakusimama juu ya shimo mbele ya mlinzi, akasema mume wangu ametoroka?"

Nilitaka kumwambia kwamba mwanamke huyo amekufa miaka mia sita iliyopita, na kwamba hakuna shehe duniani atakayemkubalia. Nilifungua hata mdomo. Kisha nikatoka uani, nikamwambia Wanasi awajulishe majirani kwamba mama yake bado yuko edani, na wanaume wapige hodi kwa mbali.